Taa Nyekundu ya Pijo

Kilosa, Jumapili 1 Machi 1992

Mvua ya kwanza ya masika imenikuta njiani leo nikitoka kijiji cha Ulaya. Nilipoanza kuteremka kile kilima kirefu, taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi, ile ya breki, chini ya mshale wa petroli. Ikawaka, ikakaa, nilipofika tambarare ikazimika yenyewe. Nikaiambia, haya, na wewe umeanza uzee?

Gari ni Pijo 504 ya marehemu mume wangu, Yeremia, rangi ya chai yenye maziwa mengi. Aliipata kwa tajiri mmoja wa mkonge kule Rudewa, aliyekuwa anafungasha kurudi kwao Ulaya, Ulaya ile ya Wazungu, si yetu hii. Yeremia ndiye aliyenifundisha kuendesha, katikati ya mistari ya mkonge, mahali pasipo na mtu wa kugonga. Watu wa Kilosa walicheka sana: nesi Teresia anaendesha! Sasa wamezoea. Wanaonipungia mkono ni wengi kuliko wanaonicheka, na nusu yao niliwapokea mimi mwenyewe walipozaliwa.

Miaka ile ya dhiki, tulipokuwa tunapanga foleni hata ya sabuni, mafuta ya breki hayakuwepo Kilosa wala Morogoro. Yeremia akatengeneza yake. Mafuta ya nyonyo nusu, gongo nusu, anatikisa kwenye chupa, anamimina kwenye kikopo cha breki. Na breki zilishika! Alipofariki niliendelea kumimina nyonyo kila nilipoona kikopo kimepungua. Gongo niliiacha. Mimi ni mwenyekiti wa akina mama wa parokia, siwezi kuonekana nimeinama kwenye mlango wa muuza pombe ya moshi eti nanunulia gari.

Leo nimeongeza nyonyo. Taa kimya.

Jumanne 3 Machi

Mvua. Kuku wameingia jikoni wote, na jogoo ndiye anayelalamika kuliko wake zake.

Alhamisi 5 Machi

Jana tulipakwa majivu, leo posa. Ndiyo Kwaresima yetu ya mwaka huu.

Aliyeposa anaitwa Melkizedek, fundi wa magari ya mizigo kule Mikumi, kwenye njia kuu ya Iringa. Mwanangu Happiness anafundisha shule ya msingi huko huko, ndipo walipoonana. Kaka yangu Kasian, mjomba mtu, amekubali. Ndoa itafungwa Mikumi tarehe kumi na tatu Juni, masika ikishaisha.

Mimi huyo Melkizedek simjui uso, na kwa mila zetu sipaswi kumjua. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawaonani wala hawasemezani mpaka mtoto wa kwanza azaliwe. Akiniona barabarani anaingia majanini. Mimi nikimwona najifanya naangalia mawingu. Salamu zake za leo zimekuja kupitia kinywa cha Happiness: "Anasema shikamoo." "Mwambie marahaba." Basi, hayo ndiyo mazungumzo yetu yote.

Sina neno naye, ila fundi wa malori! Yeremia alitaka mwalimu, au hata karani. Mikono ya fundi haitakati hata Pasaka.

Jambo moja nimelisema mbele ya wote, wakalisikia. Yeremia alimwahidi Happiness kwamba siku ya ndoa gari hii ndiyo itakayompeleka kanisani. Alisema hivyo akiwa kitandani, wiki ile ya mwisho. Yeye hayupo. Gari ipo, na mimi najua kuendesha.

Jumatano 11 Machi

Taa imewaka tena, kilima kile kile. Nimeongeza nyonyo, imezimika.

Alhamisi 19 Machi

Imewaka tena. Ninakwenda Ulaya mara mbili kwa wiki kusaidia kliniki ya akina mama wajawazito, kwa hiyo kilima hicho na mimi tunajuana. Leo imewaka mapema zaidi, kabla ya ule mkuyu wa katikati ya mteremko. Nikiwa nateremka sioni barabara, naona taa tu.

Nimempelekea Urbanus, fundi wetu wa hapa sokoni, mtu wa maneno matamu. Akavuta handibreki, akaishusha, akaivuta, akasema, "Mama Nesi, hii ni handibreki hairudi mpaka mwisho. Ndiyo inayowasha taa." Akaikaza. Tukaagana vizuri.

Jumapili 22 Machi

Imewaka.

Jumanne 24 Machi

Happiness amekuja kufuata mtihani wa darasa lake aliousahau kabatini. Nikamsimulia mapya ya taa, kumbe amebeba mkoba mzima wa maswali kutoka Mikumi, maana yale aliyoyasikia siku ya posa alishamsimulia mwenzake.

"Mama, anauliza, taa inawaka gari ikipanda au ikiteremka?"

"Nani anauliza?"

"Mama jamani, si unajua ni nani."

"Mwambie inawaka ikitaka."

Happiness akacheka lakini hakupenda. Mimi pia sikupenda. Kijana hajala hata ugali wa harusi, ameshaanza kuingiza kichwa kwenye boneti ya baba mkwe wake!

Ijumaa 27 Machi

Urbanus amemaliza kesi. Amefungua dashibodi, akachomoa balbu, akaniwekea mkononi. "Haitakusumbua tena, Mama Nesi."

Na kweli, nimeteremka kilima leo naangalia barabara kama mtu. Raha tupu.

Jumatano 1 Aprili

Mto Mkondoa umejaa mpaka kwenye migomba. Hakuna safari.

Jumatatu 6 Aprili

Bado umejaa.

Jumapili 19 Aprili. Pasaka

Tumeimba mpaka mabati yakaitikia. Kasian amekula nyama kwa niaba ya ukoo mzima. Nimepita sokoni jana, maduka yanapendeza siku hizi, kila kitu ruksa: vitenge, redio, betri, chupa za mafuta ya breki zimepangwa kama dawa. Muuzaji akaniambia, "Mama, ya breki hii, original kutoka Dubai." Nikasema gari yangu ina chakula chake. Yeremia alikuwa anasema gari ikishazoea chakula, usiibadilishie.

Alhamisi 23 Aprili

Sasa ndiyo kwanza nimekaa, acha niandike.

Nilikuwa narudi kutoka Ulaya saa za mchana, jua limetoka baada ya mvua, barabara inateleza. Nimeanza kilima na gia ya tatu kama siku zote. Karibu na mkuyu nikakanyaga breki, mguu ukaenda mpaka chini. Nikakanyaga tena, nikagusa bati. Hakuna kitu! Ni kama kukanyaga mto wa kulalia. Mbele yangu, pale barabara inapokata kona, ng'ombe wanavuka. Si wawili watatu. Ni boma zima.

Nilipiga honi. Ng'ombe wa Kimasai na honi! Wanakuangalia tu, kana kwamba wewe ndiye umepotea njia. Nikatia gia ya pili, gari ikanguruma ikainua mkia. Nikatia ya kwanza, nikasikia kitu kinalia chini, nikavuta handibreki kwa mikono miwili, usukani nimeuacha kwa Mungu. Mchungaji alikuwa ameona. Alipiga mluzi mmoja mkali, ng'ombe wakagawanyika katikati kama watu wanaopisha maandamano, na mimi nikapita kwenye uwazi ule nikiona pembe kulia na pembe kushoto. Gari ikaacha barabara, ikaingia kwenye majani marefu na matope, ikazama, ikasimama. Fahali mmoja mwenye baka jeupe alikuwa anapumua juu ya boneti.

Mchungaji alikuja taratibu, fimbo begani. Ni Saitabau. Huyu huyu ambaye mwaka juzi tulikaa mbele ya serikali ya kijiji kwa ajili ya mahindi yangu ya Rudewa yaliyoliwa na ng'ombe wake, na nilimwita majina ambayo mwenyekiti wa akina mama hapaswi kuyajua.

"Mama Nesi," akasema, "gari yako haisikii?"

"Haisikii, Saitabau."

"Ng'ombe asiyesikia sisi tunamchinja."

Nikacheka. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, halafu yakaendelea kutoka wakati nimeshaacha kucheka. Nilikuwa naangalia kile kiti cha nyuma. Niliona Happiness amekaa pale na shela yake, mikono juu ya mapaja, akiniamini. Hicho ndicho kilichonitisha, si ng'ombe.

Saitabau na vijana wenzake waliitoa gari kwenye matope kwa kamba. Nimerudi Kilosa kwa gia ya kwanza, polepole kuliko gari la maiti, na yeye ametembea mbele ya gari mpaka tambarare.

Mimi nesi wa miaka yote hiyo! Mgonjwa ana homa, nimevunja kipima joto, nikasema amepona.

Jumamosi 25 Aprili

Kasian amekuja asubuhi, hajakaa hata.

"Teresia, mimi ndiye mjomba. Mtoto wangu hapandi jeneza. Nitakodi basi dogo Morogoro, na hiyo Pijo iuzwe vyuma."

"Kaka, baba yake alimwahidi."

"Baba yake alimwahidi gari. Hakumwahidi kifo."

Tumekubaliana hivi: gari ikipona kabla ya mwezi wa sita, na yeye mwenyewe akakaa kiti cha mbele tukateremka kilima cha Ulaya, basi Happiness ataipanda. Isipopona, basi dogo.

Nimetoka nikaenda kukaa ndani ya gari bandani. Bado kuna harufu ya tumbaku yake kwenye vitambaa.

Jumanne 28 Aprili

Mvua. Nimempelekea Naishorua, mke wa Saitabau, sukari na majani ya chai. Kanipa kibuyu cha maziwa. Ya mahindi hatukuyagusa.

Ijumaa 1 Mei

Nimemwandikia Happiness maneno machache tu: mwambie inawaka ikiteremka.

Jumamosi 9 Mei

Amekuja. Kwa mara ya kwanza Melkizedek ameingia kwenye ua wangu, na sijamwona hata kisigino.

Happiness alitundika kanga mbili kwenye kamba ya kuanikia, kutoka kwenye nguzo ya baraza mpaka kwenye mpapai. Mimi upande huu, kwenye mkeka. Yeye upande ule, bandani, na gari. Happiness katikati, kichwa kinageuka huku na huku kama mtu anayeangalia mpira.

Jambo la kwanza aliloomba ni balbu. "Anasema, kabla ya yote, taa irudi mahali pake." Ikarudi, ikawaka, gari imesimama tambarare kabisa. Nilidhani sasa atafungua matairi na kugonga gonga kama Urbanus. Hakufungua kitu. Akaanza kuuliza.

"Muulize Mama, taa ilianza lini?"

"Mvua ya kwanza."

"Muulize, akiongeza mafuta inakaa kimya siku ngapi?"

"Mwanzoni zaidi ya wiki. Mwishoni siku mbili tatu."

"Muulize, ikiwaka pedali inashuka kuliko kawaida, au iko vile vile?"

Nikajikuta nimekaa wima. Nimefanya kazi wodini na madaktari wa kila namna, na nawajua kwa jambo moja: yupo anayefika na kushika kisu, na yupo anayevuta kiti akamuuliza mgonjwa. Huyu amevuta kiti. Nikasahau kwamba nilikuwa nimepanga kununa.

Baada ya majibu yangu akaeleza kwa Happiness, kwa sauti niliyoisikia vizuri tu, ila tulijifanya siisikii. Ndani ya kikopo cha breki kuna kiboya kinachoelea. Mafuta yakipungua kidogo na gari ikainamisha pua, mafuta yanakimbilia mbele, kiboya kinashuka, taa inawaka. Ukifika tambarare yanarudi, taa inazimika. "Kwa hiyo mwambie Mama taa haikukosea hata siku moja. Mafuta yanakwenda mahali. Tutafute yanakokwenda."

Akayatafuta. Tairi la mbele kulia, kavu. La mbele kushoto, kavu. La nyuma kulia, kavu. La nyuma kushoto, nikamsikia anapiga mluzi. Happiness akaniletea kile alichokwangua, juu ya kipande cha gazeti: kitu cheusi, kizito, kinanata vidole kama ulimbo wa kunasia ndege.

"Mama, anauliza ulikuwa unaweka nini."

"Nyonyo."

"Nyonyo na nini?"

"Nyonyo tu! Baba yako alikuwa anachanganya na gongo, mimi gongo siigusi."

Upande wa pili wa kanga nikamsikia kijana wa watu anajitahidi kuzuia kicheko, na kushindwa.

"Mama," Happiness akasema huku uso umemwiva kwa haya, "anasema Baba alikuwa anajua anachofanya. Gongo ndiyo iliyokuwa inafanya nyonyo iwe nyepesi. Bila gongo imeganda, rabba za breki zimenata, zimechanika, zinavuja. Anasema... anasema kosa la gari hii ni kuokoka."

Nilijifunika uso na kanga nikacheka mpaka mbavu zikauma. Yeremia, unasikia? Umepata mtetezi.

Lakini mwisho wake haukunifurahisha. Anataka kuyatoa mafuta yote ya zamani, mpaka tone la mwisho, na kuweka ya dukani. Nimesema nitafikiri. Ni Yeremia aliyeyachanganya, kwa mikono yake, kwenye chupa ya sharubati ambayo bado ninayo. Nikiyamwaga, ndani ya gari hii kutabaki nini chake?

Jumatano 13 Mei

Nimeota nateremka kilima. Nimeamka nikamwambia Yeremia kwa sauti, samahani baba, lakini mtoto kwanza. Nimekwenda dukani nikanunua chupa za breki. Muuzaji alifurahi kana kwamba nimeokoka mimi.

Jumamosi 16 Mei

Ile siku. Nitaandika yote.

Melkizedek amefika asubuhi na rabba mpya na spana zake. Kanga zikatundikwa. Mpaka saa nne ameshafunga rabba, amemimina mafuta mapya kwenye kikopo, na taa imezimika. Nikasema, basi, imepona? Happiness akarudi na jibu: bado, kwenye mirija kuna mafuta ya zamani na upepo, na upepo ukibaki, mguu utaenda chini kama siku ile. Lazima mtu mmoja akae kwenye usukani akanyage breki, na mwingine alale chini kwenye tairi afungue skrubu ya kutolea upepo. Wa chini anasema kanyaga, wa juu anakanyaga na kushikilia, wa chini anafungua, anafunga, ndipo wa juu anaachia. Akiachia kabla ya kufungwa, upepo unaingia tena na kazi inaanza upya.

Happiness mguu wake haukufika vizuri, maana kiti cha Pijo kimekwama mahali alipokiacha baba yake, na huyu mtoto ni mfupi. Mimi kiti hicho nimekizoea na mto wangu nyuma ya mgongo. Tukaangaliana.

"Yeye atakuwa chini ya gari," nikasema. "Mimi nitakuwa juu. Hatuonani. Mila imevunjika wapi?"

Kwa hiyo nikaingia kwenye gari nikiwa nimejifunika kanga kichwani, na yeye akiwa ameshajilaza chini, miguu yake kuelekea migombani. Happiness akasimama katikati, kwenye mlango.

"Mwambie Mama akanyage."

"Mama, kanyaga."

Nikakanyaga.

"Mwambie nimekanyaga."

"Amekanyaga."

"Mwambie ashikilie."

"Mama, anasema..."

Lakini mguu wangu ulikuwa umeshachoka kusubiri posta hiyo, nimeachia. Chini pakasikika kitu kinafyonza, fyuu. Upepo umeingia. Tukaanza tena. Fyuu. Tukaanza tena. Happiness alikuwa anasema haraka mpaka anashikwa na kigugumizi, na bado neno lilifika limechelewa. Kila mara fyuu. Jua limepanda, jasho linanitoka ndani ya ile kanga, na nikaanza kufikiri kwamba basi dogo la Kasian si baya sana, lina hata pazia.

Mara ya mwisho mguu ukaanza kuinuka wenyewe. Nikasikia kutoka chini, kwa sauti kubwa, bila kupitia kwa mtu yeyote:

"Mama! Usiachie!"

Happiness alijishika mdomo. Hata mimi niliganda, lakini niliganda na mguu chini, hadi mwisho wa bati.

"Sijaachia!" nikasema.

Nikasikia spana inazunguka.

"Haya," akasema polepole. "Achia, Mama."

Nikaachia. Hapakuwa na fyuu.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shika."

"Nimeshika."

"Achia."

Basi tukaenda hivyo. Happiness alisimama, akaona hana kazi, akaenda kupika. Sijui niseme nini juu ya jambo hili. Mwanaume amelala chini ya gari yangu ananiamrisha kanyaga, shika, achia, na sijawahi kusikia heshima kubwa kuliko ile. Kila neno aliloniambia lilikuwa la kweli, na kila nililomjibu alikuwa analiamini, kwa sababu vidole vyake vilikuwa pale chini na mguu wangu ulikuwa huku juu.

Kwanza yalitoka mazito, ile nyonyo yangu takatifu. Halafu, tukiwa tairi la nyuma, mbali kabisa na kikopo, akasema, "Mama, haya ni mengine. Ni mepesi. Yananukia."

Harufu ikapanda mpaka kwenye dirisha. Nyonyo na gongo. Yeremia akiwa amechuchumaa pale pale bandani, anatikisa chupa, ananiambia, "Tere, dunia ikikunyima, changanya." Ilikuwa imejificha kwenye mirija miaka yote hii. Nikaweka kichwa kwenye usukani nikalia, na mguu sikuuondoa.

Baadaye, kutoka chini, akasema tu, "Nisubiri, Mama?"

"Hapana," nikasema. "Funga. Tuendelee."

Tulipomaliza nilikanyaga, pedali ikagota juu, ngumu kama jiwe la kusugulia miguu. Taa imezimika. Nikamwambia, "Imegota." Akasema, "Asante, Mama." Nikatoka nikaingia ndani bila kugeuka, na yeye akasubiri mpaka mlango ufungwe ndipo akatoka chini ya gari.

Jumapili 17 Mei

Kilosa haina siri. Kasian amenisubiri nje ya kanisa.

"Nasikia mkweo amekuamrisha. Kwa sauti. Majirani wamesikia!"

"Waliosikia walisikia na mimi nikijibu?"

"Teresia, mila ni mila."

"Kaka, sijamwona uso. Nikikutana naye sokoni sitamjua. Nitamjua akiwa chini ya gari tu. Sasa wewe ukitaka kumtoza faini, mtoze, ila kwanza panda mbele, twende kilimani."

Alhamisi 21 Mei

Nimempeleka. Kasian alishika mlango kwa mikono miwili kuanzia tulipotoka Ulaya. Juu ya kilima nikamwambia aangalie taa, mimi niangalie barabara. Nikateremka na gia ya tatu. Kwenye mkuyu nikakanyaga, Pijo ikainama kwa adabu ikasimama. Tukaenda tena, tukasimama tena. Nilisimama mpaka Kasian akasema, "Basi bwana, nimeona, unanitapisha."

Saitabau alikuwa kwenye kona na ng'ombe wake. "Mama Nesi! Sasa inasikia?"

"Inasikia, Saitabau!"

Njia nzima Kasian aliangalia taa. Haikuwaka. Faini amesamehe.

Jumapili 31 Mei

Masika imekwisha. Mtama umesimama vizuri mwaka huu.

Jumapili 14 Juni. Mikumi

Nimechoka, nimeshiba, na miguu imevimba. Jana nimempeleka mwanangu kanisani kwa gari ya baba yake. Akina mama walifunga maua kwenye boneti mpaka nikalazimika kuchungulia katikati ya mabogenvilia. Happiness alikaa nyuma na shela yake, mikono juu ya mapaja, vile vile nilivyomwona siku ile. Kwenye kilima cha Ulaya, maana njia ya Mikumi inapita huko, Saitabau alikuwa amezuia ng'ombe wake wote pembeni, amevaa shuka jipya jekundu, ameinua fimbo. Nikapiga honi. Ng'ombe hawakushtuka.

Kanisani nilimwona Melkizedek mgongo tu. Mgongo mpana, suti ya kuazima. Lakini padre alipomuuliza na yeye akajibu "Ndiyo", sauti ile niliijua. Nikajikuta mguu wangu wa kulia umekanyaga sakafu. Jirani yangu akaniuliza kama nimebanwa na kiatu.

Jumanne 23 Juni

Nyumba kimya. Jogoo peke yake ndiye anayezungumza.

Jumatano 1 Julai

Nimempigia Happiness simu kutoka posta, nikamsubiri aitwe ofisi ya shule. Shikamoo, marahaba, mnaendeleaje, vizuri. Nikamwambia, "Mwambie mwenzako taa imewaka tena."

"Jamani Mama! Ikiteremka?"

"Ikiteremka, ikipanda, yote."

Haijawaka.

Jumamosi 4 Julai

Wamekuja wote wawili. Happiness alitundika kanga moja tu safari hii, kwa kujifurahisha. Nikasikia hatua za Melkizedek zinazunguka gari, nikamsikia anajilaza chini. Nilichungulia bandani kidogo, dhambi ndogo hii: hakuleta spana hata moja. Mfuko wa vyombo hakuwa nao kabisa.

Nikaingia kwenye gari, nikaweka mto mgongoni, nikashusha kioo.

"Habari za Mikumi?" nikaiuliza hewa.

"Nzuri, Mama. Juzi tembo walivuka barabara kuu, malori yalipanga foleni mpaka jioni." Akakohoa kidogo. "Na Mzee Yeremia, alikuwa mtu wa namna gani?"

Nikaanza kumweleza. Nimeeleza mpaka chai ikapoa, Happiness akaipasha tena. Kila nilipofika mahali pagumu nikanyamaza, sauti kutoka chini ilisema taratibu, "Kanyaga, Mama," na mimi nikakanyaga, nikaendelea.